Punje Nyeupe kwenye Muundi wa Justa

Robota la mitumba halijui cheo cha mtu. Lile lililomwangukia Justa Maige pale soko la Mlango Mmoja, mwaka wa tisini na sita, lilijaa makoti ya baridi, bidhaa ambayo Mwanza haikuwa na haja nayo hata kidogo, na lilimshukia kwenye muundi wa mguu wa kushoto mbele ya wateja. Justa hakupiga kelele. Alikuwa karani wa ushirika wa pamba hadi yeye na wenzake walipoitwa ukumbini wakaambiwa kwamba uchumi sasa uko huru, na wao pia wako huru. Mtu aliyepitia mkutano wa namna hiyo hapigi kelele kwa ajili ya makoti.

Ila mguu haukupona. Ulivimba, ukapoa, ukavimba tena. Majirani walimtazama akichechemea na kila mmoja akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye anwani ya mganga. Hawakumpa. Justa alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia, na watu walikumbuka jinsi alivyomwondoa Rebeka kwenye nafasi ya mhasibu wa kikundi kwa kosa la kumpeleka mwanawe akachanjwe chale. Alilisimamia jambo lile mpaka mwisho, na maandiko akayasoma mwenyewe.

Kwa hiyo alipokwenda Misungwi kwa mganga, mzee Mayala, alikwenda peke yake, amejitanda khanga mpaka puani. Mzee alimchanja mistari mitatu juu ya uvimbe, akasugua unga mweusi. "Huu hauhitaji kuelekezwa," alimwambia. "Utapenya wenyewe mpaka palipoharibika mfupa." Justa alitubu akiwa njiani kurudi, kimoyomoyo, kwa kuwa kitubio cha kawaida kingemfikia padre anayemfahamu kwa sauti.

Unga haukusaidia. Ndipo akaenda kwa daktari Nurudin.

Daktari huyu alikuwa amefungua zahanati yake baada ya serikali kuruhusu tena watu binafsi watibu. Alikuwa na mashine ya picha za mifupa iliyotumika Ulaya mpaka wenyewe wakaichoka, kwa hiyo Justa alipoiona alijisikia nyumbani: nayo ilikuwa mtumba. Aliyeiendesha ni Alexander, kijana mpole anayeimba besi kwenye kwaya ya parokia. Alexander ndiye mume wa Rebeka.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mama Deo anakusalimia." Rebeka hakuwa ametuma salamu yoyote, na wote wawili walijua.

Daktari aliutazama mguu. "Na hii mikwaruzo, mama?"

"Mikanda ya bati," alisema Justa. "Ile wanayofungia robota."

Swali ambalo daktari yeyote wa kanda ya ziwa humuuliza mwenye mguu mbaya, kama amepitia kwa mganga, Nurudin hakuliuliza. Yeye alikuwa Mwislamu wa mjini aliyelelewa vizuri, na mbele yake alikaa mama mtu mzima mwenye msalaba shingoni. Aliona ni utovu wa adabu. Filamu zilikuwa ghali, wakapiga picha moja, ya mbele.

Picha ilipokauka daktari aliiweka kwenye taa. Juu ya mfupa, pale pale penye maumivu, zilitapakaa punje nyeupe, zinang'aa kuliko mfupa wenyewe.

"Umewahi kudungwa dawa ya picha mahali pengine?"

"Hapana."

"Maana zinang'aa kama dawa. Wenzetu huko wanatengeneza punje za chuma ndogo mno, ukizilinganisha nazo unga wa sembe ni kokoto. Zinatiwa kwenye damu, zinakwenda zenyewe kukaa palipo na ubovu, mpiga picha anauona. Nimesoma kwenye jarida. Sisi hatuna." Alisema hivyo kwa uchungu wa mtu anayesoma majarida. "Basi kama si dawa, hivi ni vipande vya mfupa uliokufa. Itabidi nipasue nivitoe. Na nikikuta umeoza sana huko ndani, mama, nitakuwa mkweli, tutakata juu ya hapo."

Justa aliyarudia maneno yake moyoni. Zinakwenda zenyewe palipo na ubovu. Mzee Mayala alisema maneno hayo hayo, na hakuwa na jarida.

Alipewa muda wa kujiandaa. Hakujiandaa, aliogopa tu. Akiuza, aliwatazama wateja miguu. Akiimba, sauti ya besi nyuma yake ilimfanya apoteze mstari. Usiku aliuona mguu wake ukichukuliwa kwenye beseni. Mchana alimwona Rebeka amekaa kwenye benchi la mbele, amekunja mikono, anasubiri maandiko yasomwe. Kati ya hayo mawili hakujua lipi linamtisha zaidi, na kutojua huko nako kulimtisha.

Siku ya kupasuliwa daktari alichora kwa kalamu pale atakapopitisha kisu. Alexander alikuwa pembeni akipanga vyombo.

"Mwanangu, hebu niletee maji," alisema Justa.

Alitaka asiwepo atakaposema, ila mtungi ulikuwa nyuma ya mlango tu. Alexander alikuwa amerudi kabla Justa hajafumbua mdomo.

Akanywa. "Daktari, kuna mtu namfahamu," alianza, "aliwahi kuchanjwa mguuni."

"Pole yake. Nyoosha goti."

"Akapakwa unga."

"Mama, mguu wa huyo mtu tutautazama siku yake."

Kalamu ilifika kwenye kovu la kwanza. Justa akaishika kwa mkono. "Siku yake ni leo," alisema. "Si mikanda ya bati. Nilikwenda Misungwi."

Kitu cha bati kilianguka huko alikokuwa Alexander.

"Unga wa nini?" daktari aliuliza.

"Mizizi iliyochomwa. Na risasi ile ya kuzamishia nyavu, alikuwa anaikwangua kwa tupa. Nilimwona."

Daktari Nurudin alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta tusi lenye heshima. Akalikosa. "Alexander," alisema, "piga ya ubavuni."

Picha ya ubavuni haikuwa na ubishi. Punje zote zilikuwa chini ya ngozi, katika mistari mitatu, mbali na mfupa. Unga ulikaa ulipopakwa, haukupenya popote. Na mfupa wenyewe, ulipoachiwa nafasi ya kuonekana, ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. "Hogo la plasta tu," alisema daktari, na sauti yake ilikuwa karibu na masikitiko. "Risasi ni sumu, usirudie. Nikiona jeraha linachimbika nitazitoa."

Alexander alimfunga hogo, akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Ya kazini huwa siyapeleki nyumbani, mama."

"Najua," alisema Justa. "Nitayapeleka mwenyewe."

Alikwenda Buzuruga jioni ile ile, kabla ujasiri haujakauka pamoja na hogo. Rebeka alikuwa anachambua dagaa kibarazani. Hakuinuka. Justa alisimulia yote akiwa amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kiti.

"Mayala?" aliuliza Rebeka.

"Mayala."

"Huyo huyo. Deo naye hakupona." Alitupa kichwa cha dagaa kwa paka. "Haya. Umekuja kunipa nini?"

"Jumapili nitasema mbele ya wote. Urudi kwenye nafasi yako."

Rebeka alichambua dagaa wengine kadhaa, bila haraka.

"Ya mhasibu," aliuliza, "au yako?"

Hilo Justa hakuwa amelifikiria. Alisimama na hogo lake, akijua kuwa atalazimika kujibu, na kwamba Jumapili si mbali.