Gati Alipopanda Juu ya Bati Letu

Hapa Turwa, ukikuta jiko la kuni lisilotoa moshi ndani, ujue Gati amepita. Ni mjane wa miaka hamsini na kidogo, anajenga majiko ya udongo yenye bomba. Mkikutana sokoni anauliza hali ya kuni kwanza, watoto baadaye.

Wiki ile binti yangu Elieth alikuwa amejifungua. Wanawake wa jumuiya wakaleta kuni, kama tunavyomfanyia kila mzazi. Mzigo mkubwa ulikuwa wa mzee wetu, Mama Machage, na ulikuwa mbichi. Nikauwasha siku hiyo hiyo, maana aliyeleta hupenda kuona moshi wa zawadi yake. Siku ya nne moshi ukakataa kupanda bomba la jiko alilotujengea Gati, ukarudi hadi chumbani. Kichanga kikaanza kukohoa. Nilikimbia kwa Gati bila viatu.

Alikuja na kamba, jiwe na fungu la katani.

"Mtoto atoke nje, moto uzimwe. Umewasha nini?"

"Zawadi."

"Hata zawadi huliwa ikiiva, mama."

Bomba lilipopoa akapanda juu ya bati, akashusha ndani ya bomba jiwe na katani vilivyofungwa kambani, akavuta, akashusha tena. Mimi nimeshika ngazi. Masizi yakamwagika chini, meusi yanang'aa kama lami, karibu nusu debe.

"Haya yangeshika moto, nyumba ingekwenda," alisema, kama anayezungumzia mvua.

Aliposhuka akagonganisha kuni mbili za Mama Machage: du. Kisha mbili zangu za mwaka jana: kwa! "Kavu hulia," akasema.

Tukawasha zile zilizolia. Moto ukanguruma, chumba kikabaki cheupe, bila moshi, mtoto akanyonya bila kukohoa hata mara moja. Nilicheka peke yangu jikoni.

Gati amepanda tena kutazama moshi unavyotoka, Mama Machage akaingia uani.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona sioni moshi wa maana? Kuni zangu mmezitupa?"

Gati akajibu kutoka juu: "Mama, zako zinasubiri zikauke. Mjukuu akianza kutembea, uji wake utapikwa kwa kuni zako."

Mzee akautazama ule moshi mwembamba juu ya bomba. Akatua mkoba wake, akaanza kuzipanga kuni zake mwenyewe kwenye ukuta unaopigwa na jua.

"Leteni mawe tuziinue," akatufokea. "Mnataka mchwa wale uji wa mtoto?"