Vitanda Thelathini, Matundu Thelathini

Ofisini walimwita Darubini, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mkaguzi wa ramani za mabomba katika ofisi ya wahandisi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Wachoraji walichora, yeye akakagua, na ramani isiyo na sahihi yake kwenye kile kisanduku cha chini kulia haikutoka mlangoni. Valvu ikisogea upana wa kidole kutoka mahali pake, aliiona. Akishaiona, alikusema mpaka ukajuta kuzaliwa na mikono. Mchoraji mmoja aliwahi kuapa kwamba mzee huyu akitazama ukuta huona bomba lililo ndani yake. Alitia chumvi, lakini si nyingi.

Sasa mtu wa sifa hizo ataanzia wapi kusema kwamba macho yake yameingia ukungu? Ulianza jicho la kushoto, ukahamia la kulia. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, jambo la kawaida kwa umri wake, apasuliwe na apumzike wiki kadhaa. Alishukuru, akarudi nyumbani, akamwambia mkewe amepewa dawa ya matone. Alikuwa anaogopa, na tuseme ukweli, kilichomtisha hakikuwa kisu. Aliogopa chumba cha nyuma. Mkaguzi aliyemtangulia alipoanza kutetemeka mikono alipelekwa huko kupanga ramani za zamani, kwa muda tu, wakamwambia, na huko ndiko alikostaafia. Watu walipita mlangoni pake wakimsalimia kwa sauti kubwa kana kwamba naye ni kiziwi.

Basi akajifunza kuandika makro. Programu ya kuchorea waliyoitumia ilikubali kuandikiwa maagizo ya kufanya kazi yenyewe, na Darubini, aliyeziita kompyuta "hizo televisheni zenu", akaanza kubaki mezani saa ya chakula na kitabu cha mafunzo, herufi amezikuza mpaka mstari mmoja unajaza kioo kizima. Kazi ilimpasua kichwa. Alikosea mabano, programu ikagoma. Akaisema kama anavyowasema wachoraji, isimjali. Wiki ya tatu ikatii. Maagizo yenyewe yalikuwa mepesi kueleza: pita kwenye ramani yote, kitu kimoja kimoja, ukikuta kinachoitwa tundu la oksijeni, kizungushie duara jekundu na uongeze moja, mwisho niletee jumla. Duara lilikuwa kubwa kama sahani, na wekundu wake ulipenya ukungu. Siku hiyo alifurahi, alifurahi kweli, akaenda nyumbani akipiga mluzi. Mkewe alimtazama akimimina chai kando ya kikombe huku mluzi unaendelea, akaenda kuchukua kitambaa.

Miezi minane ikapita hivyo. Ramani kumi na saba za zahanati na hospitali zilipata sahihi yake: ahesabu vitanda, makro ihesabu matundu, hesabu zikilingana, atie sahihi.

Ya kumi na nane ilikuwa hospitali kubwa, imechorwa na mama aliyekaa meza ya dirishani, mchoraji makini wa miaka mingi. Vitanda mia mbili thelathini na sita, na kila kitanda kilitakiwa kuwa na tundu lake la oksijeni ukutani. Makro ikaleta mia mbili kumi na mbili. Akairudia, jumla ileile. Akatafuta pasipo na duara, akapagundua: wodi ya watoto, nzima. Akasimama, ofisi yote ikisikia.

"Mama, hapa umewasahau watoto. Vitanda ishirini na vinne, hakuna hata tundu moja. Hawa wavute nini, moshi?"

Watu wakacheka. Mama wa dirishani akaweka kikombe chini. "Mzee, mbona yapo."

"Hayapo."

"Ngoja nione." Akaja, akainama mbele ya kioo, akanyoosha kidole. "Si haya hapa?"

Darubini alitazama pale. Aliona kidole.

Jambo lenyewe lilikuwa la kikazi kabisa. Mama yule alichora kitanda kimoja na vifaa vyake, akavifunga pamoja kuwa kitu kimoja, ambacho pale ofisini walikiita furushi, kisha akalibandika furushi hilo mara ishirini na nne. Wachoraji wote hufanya hivyo. Makro ililikuta furushi, ikasoma jina lake, ikaona si tundu la oksijeni, ikapita zake. Haikuwa imeambiwa ifungue. Hiyo ndiyo habari ya makro. Habari ya mtu aliyeshindwa kuona alama ishirini na nne za buluu, shibiri mbili kutoka puani mwake, ni nyingine, na mama wa dirishani aligeuka akamtazama usoni kwa karibu, akaielewa.

"Kosa langu," alisema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Nimeyafunga kwenye furushi bila kukuambia. Samahani, mzee."

"Siku nyingine uniambie," alisema Darubini, na akaketi. Alikuwa amemsingizia mtu mbele za watu, mtu huyo akamsitiri, naye akaupokea msamaha ambao yeye ndiye aliyepaswa kuuomba. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mchana ule akairekebisha makro: ukikuta furushi, lifungue, na ukikuta jingine ndani yake, nalo lifungue, mpaka pasibaki la kufungua. Jumla ikaja sawa. Angeweza kuishia hapo. Lakini aibu haikumwacha aishie hapo, akaongeza agizo moja: kila kitanda kitafutiwe tundu lake, na kikikosa, kizungushiwe. Kisha akazirudia zile ramani kumi na saba.

Kumi na sita zilikuwa safi. Iliyobaki ilikuwa ya zahanati, wodi ya wazazi, vitanda thelathini na matundu thelathini. Kitanda cha karibu na mlango kilikuwa ndani ya duara. Tundu lake lilikuwa limebandikwa juu ya tundu la jirani yake, moja juu ya jingine, kwa sababu mchoraji alilinakili akasahau kulisogeza. Hesabu ilitimia, na mama mmoja angelazwa bila hewa. Mtu mwenye macho angeona kitanda kile hakina tundu kabla hajavuta kiti.

Akamwendea mhandisi mkuu. "Kuna kitu kimenipita kwenye zahanati."

"Wewe?" Mhandisi alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Ukuta wameshamaliza. Nenda kesho ukawaonyeshe pa kubomoa."

Msimamizi wa ujenzi alimpokea kwa uso wa mtu aliyeharibiwa kazi. Chumba kilikuwa kimevishwa vigae vyeupe kuanzia sakafuni hadi juu, na fundi alikwisha shika nyundo na patasi.

"Nani aliikagua ramani hii?" aliuliza msimamizi.

"Mimi."

"Basi tuwekee alama mwenyewe. Mita moja na nusu kutoka chini. Ukipitiliza, kuna bomba la maji hapo juu, litatumwagikia wote." Akampa futi ya kuvuta na kalamu.

Darubini akaivuta futi juu ya vigae. Tarakimu ziliyeyuka. Angeweza kukisia, miezi minane alikuwa anakisia, na alijua mkono wake una uzoefu. Alisimama hivyo, kalamu imegusa kigae, fundi akimsubiri.

"Nisomee wewe," alimwambia msimamizi. "Mimi sioni."

"Niwashe taa?"

"Taa haisaidii. Macho yangu hayaoni, tangu mwaka jana. Ramani hii niliitia sahihi sijaiona."

Msimamizi akachuchumaa, akabana ncha ya futi sakafuni, akaanza kusoma kwa sauti huku mkono wa mzee ukipanda polepole ukutani: mia na thelathini, mia na arobaini, polepole mzee, arobaini na nane, arobaini na tisa, hapo. Darubini akatia alama, na hakuuondoa mkono mpaka alipoambiwa imekaa sawa.