Wanne Walionibeba

Jumapili iliyopita, kanisani Usagara, mchungaji alisoma habari za yule mwenye kupooza aliyeteremshwa na kitanda chake kupitia paani na watu wanne. Nami, rafiki yangu, nikainamisha kichwa, magongo yangu mapajani. Kisa hicho nakijua kwa mgongo wangu mwenyewe. Niliwahi kulala juu ya kitanda kile.

Nililelewa na bibi katika kambi ya mkonge upande wa Muheza, ambako harufu chachu ya korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge, iliingia hadi kwenye uji. Miguu yangu ilipooza kabla sijajua kusema. Lakini usinionee huruma upesi. Nilikuwa na watoto wanne wa majirani walionibeba mgongoni kwa zamu, kwenda kuokota machungwa, kwenda kisimani, hata kwenye ugomvi wao. Bibi alikuwa akisema, "Huyu hajakanyaga ardhi, lakini kambi nzima kaizunguka."

Kisha mwalimu wa shule ya Jumapili akatusimulia kisa kile, akakazia kwamba Yesu aliiona imani ya wale wabebaji, ndipo akamponya mgonjwa. Imani ya wabebaji! Wenzangu wakatazamana. Jumamosi yake walichukua kitanda cha kamba cha bibi uwani, wakanilaza, kila mmoja akashika pembe. Wa nne alikuwa shoga yangu Mdigo, binti wa jirani, aliyepaswa kuwa madrasa saa ile. "Twende bwana," alisema, "Mungu si Athumani!" Paa la kanisa lilikuwa la mabati, na hakuna aliyejua kung'oa misumari, wakaamua dirisha nalo litatosha. Kitanda kikagoma kupita. Nikapitishwa peke yangu kama gunia la mihogo, mbele ya wanakwaya waliokuwa mazoezini na mwinjilisti wao.

Mwinjilisti hakukasirika. Alinishika mkono, akaomba hadi machozi yakamtoka, kisha akaniambia nisimame. Nilijua sitasimama. Nilichoogopa ni kuwapoteza wale wanne, kwa hiyo nilijikaza mpaka jasho likanitiririka, nikaanguka kifudifudi. Akashusha pumzi. "Basi kuna mwenye shaka kati yenu." Hakuwa mtu mbaya, lakini neno lile sijamsamehe hadi leo.

Walinirudisha nyumbani. Kesho yake hakuja mtu, wala keshokutwa. Wakaanza kupita njia ya nyuma ya vyoo ili wasionane nami. Bibi, na kiuno chake kile kibovu, akawa ananitoa nje asubuhi na kuniketisha ukutani na ungo wa mchele nichague mawe. Michezo yao niliisikia kwa mbali.

Kambi ile sasa haina watu, korona imenyamaza, na watatu kati yao sijui walipo. Shoga yangu nilikutana naye mwaka jana sokoni Muheza, akiuza machungwa. Alinikumbatia, akalia, hata salamu hakumaliza.

"Mie ndo n'liyekuwa na shaka," akasema. "Kila Ramadhani n'kikuombea miguu. N'kingoja upone, shoga, ndo nije kukuona."

Nilishindwa kumlaumu. Miguu sikuwahi kuwa nayo, utamu wake siujui. Lakini utoto wetu wote umepita hivyo, yeye akingoja nipone, na mimi nikimngoja yeye.