Pikipiki ya Kubeba Mtu Mmoja

Juzi nikiwa kwenye steji ya bodaboda hapa Eldoret, mama mwenye mvi aliegesha pikipiki yake kuukuu ya Kimarekani, kubwa kama fahali. Vijana wa boda wakaizunguka.

“Mama, hii inabeba wangapi?” mmoja akauliza.

“Mimi tu.”

“Na injini yote hiyo?”

Mama akapapasa silinda mbili zilizoachana kama herufi V. “Pikipiki za aina hii zilianza kama baiskeli, silinda moja na pedali. Watengenezaji wakaongeza silinda ya pili. Tangu hapo wamebadilisha karibu kila kitu, lakini hii V imebaki.”

Akaiwasha. Mngurumo ukanipanda kutoka kwenye viatu hadi kifuani. Vijana wakazima pikipiki zao wasikie vizuri. Mteja akafika na mizigo, na nawaambia, hakuna aliyemkimbilia. Wala hakukasirika. Aliweka mizigo chini, akasikiliza.