Chupa Ishirini za Mwaitu

Nianze na habari njema, usije ukasoma ukiwa roho mkononi: binti yangu ni mzima, na sasa hivi ninapoandika anakata kwa makasi karatasi ambazo nilikuwa nazihitaji.

Wakati ule alikuwa na miaka mitatu, na aliishi kwa mama yangu, mwaitu kama tumwitavyo kwa Kikamba, karibu na Kambu, Makueni, ili mimi nipate kusomea uzamili Nairobi. Nilikuwa natafiti madini mazito katika maji ya visima. Swali langu lilikuwa moja: gereji za kando ya barabara kuu, zile zinazopasua betri kuukuu za malori na kumwaga asidi ardhini, zinatuachia nini kwenye maji? Kisima cha mama kiko chini ya mteremko wa gereji kama hiyo. Kwenye fomu za chuo niliandika sababu nyingine, ndefu na za kuheshimika.

Siku ya kuchota sampuli nilibanwa na kusahihisha mitihani, nikamtumia mama chupa ishirini. Yeye ni mwenyekiti wa wanawake kanisani, na akitoa amri hata mbuzi hujipanga. Nikamweleza kwa simu: kila boma lijaze chupa moja maji ya kisima chake na kuandika namba, basi.

"Nimeelewa, mwana wakwa. Usijali."

Mama akisema usijali, mtu mwenye akili huanza kujali. Mimi nilikuwa nimechoka, nikashukuru.

Majibu ya maabara yalipotoka nilicheza ofisini peke yangu. Hapakuwa na risasi, yale madini ya betri yanayoharibu akili za watoto wadogo, si kwa mama, si kwa jirani yeyote. Nikampigia mama simu, nikamwambia ampe mtoto maji bila wasiwasi. Maneno hayo yananiuma hadi leo.

Msimamizi wangu, mzee anayecheka mara moja kwa muhula, alitazama jedwali langu akalitumia cheko lake lote.

"Visima ishirini vya Makueni," akasema, "na hakuna hata kimoja chenye chumvi?"

Niliona aibu. Nimekua na maji hayo; chai ya kwetu huhitaji sukari ya kuitetea.

Jumamosi nikashuka Kambu. Mama alinipokea kwa shangwe, akataka kujua kama nimepata maksi nzuri.

"Mwaitu, ile maji mlitoa wapi?"

"Kwa tangi ya kanisa. Ya mvua. Na tulichuja na kitambaa safi, mara mbili."

"Si nilisema ya visima!"

"Aiya! Ile ya matope? Ati walimu wako waone hiyo? Si wangekuangusha!"

Ndipo nikaelewa. Kwa mama huo ulikuwa mtihani, na mtahiniwa alikuwa mimi. Basi alikusanya wanawake wenzake, wakajaza chupa zote ishirini kwenye tangi moja, na mchungaji akaziombea kabla hazijapanda basi. Nilikasirika mpaka nikacheka, nikacheka mpaka nikakasirika tena.

Siku hiyo hiyo nilizunguka boma kwa boma na chupa mpya. Wanawake walinichotea maji yao wakitazama pembeni, kama mtu anayemwonyesha daktari jipu. Mmoja aliniomba niandike kwamba yake ni ya jirani.

Majibu ya pili yalikuwa na chumvi ya kutosha kufungulia duka. Visima karibu vyote vilikuwa na chumvi tu. Cha mama kilikuwa na risasi, kupita kiwango.

Sikupiga simu. Nilienda, nikamweleza tukiwa jikoni, mtoto akitupanguia mbaazi tulizokuwa tukichambua. Mama hakuuliza mara mbili. Alitoka, akafungua kamba ya ndoo kwenye kile kisima alichochimba na marehemu baba, akakifunika kwa bati na kuliwekea mawe. Aliporudi hakuniangalia.

"Nilikuwa nataka upite," alisema.

Nilimwambia kosa lilikuwa langu, kwamba mimi ndiye niliyesema mtoto anywe. Nilimaanisha kila neno. Aliendelea kuchambua mbaazi, hata zile zilizokwisha kuchambuliwa.

Asubuhi tukampeleka mtoto hospitali kupimwa damu. Mama alivaa nguo zake za kanisani, kilemba na viatu vya kubana. Muuguzi alipotoa sindano, mtoto alijificha nyuma ya sketi ya nyanya yake akapiga yowe la kusikika barabarani. Mimi nikaanza kubembeleza na kuahidi peremende.

Mama hakubembeleza. Alikaa kwenye kile kiti cha mgonjwa, akakunja mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono wake mezani.

"Anza na mimi," akamwambia muuguzi. "Ni mimi nilikuwa nampatia."