Vijana Walipogoma Kumchimbia Mama Euphrasie

Nianze kwa kusema wazi kwamba siwapendi askari. Kwenye kizuizi cha njia ya Kabambare walimpiga mume wangu Bruno makofi mawili mbele ya watu, eti amechelewa kushuka kwenye pikipiki, na gunia letu la mpunga likabaki kwao. Mtu akinihubiria habari za uzalendo ninamwangalia tu. Lakini hasira niliyo nayo leo ni ya mtaa wangu mwenyewe hapa Kasongo, na mimi nimo ndani yake, na inamhusu Rosine.

Rosine ni mtoto wa Mama Euphrasie, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mama huyo alizaa mara moja tu, akafiwa na mume mapema, akamlea binti yake kwa shamba la mpunga. Mimi ndiye niliyejaribu kumfundisha Rosine kusuka nywele. Hakuweza kamwe, alikuwa na vidole vizito na ubishi mwingi. Alisomea uuguzi, akamaliza, akakaa miaka miwili bila kazi. Jeshi lilipokuja kuandikisha watu, naye akaandikisha jina lake. Mtaa ukasema binti amepotea. Kumbe uaskari wake wote ulikuwa kufunga vidonda katika kambi ya Kabambare, na kila likizo alirudi na sabuni ya mama yake na maneno machache.

Mwaka juzi Aristote, kijana wa mtaa wetu aliyekuwa akichimba dhahabu upande wa Salamabila, alipigwa risasi njiani na mlevi mmoja aliyevaa magwanda. Wenzake walimbeba hadi Kabambare. Rosine alimhangaikia tangu asubuhi, na Aristote akamfia mikononi. Waendesha pikipiki wakakataa kubeba maiti. Rosine akaomba ruhusa kambini, akatafuta hadi akampata mmoja aliyekubali, jina lake Djafari, wakamfunga marehemu kwenye ubao na kuja naye siku mbili katika matope, ili azikwe kwao.

Waliingia mtaani mchana. Rosine alikuwa bado na magwanda yaleyale, yamekauka damu. Sisi tuliona nini? Tuliona magwanda na maiti. Mama yake Aristote akaanguka chini, watu wakapiga mayowe, na katikati ya mayowe yale mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba wanaua, kisha wanatuletea maiti. Mtu huyo ni mimi. Sina wa kumsingizia. Makofi ya Bruno yalikuwa bado yananichoma, mdomo ukanitangulia. Neno likazunguka, na kabla jua halijazama Rosine alikuwa amekwisha kuwa muuaji. Kesho yake akarudi kambini bila kuaga. Djafari alitueleza baadaye jinsi safari ile ilivyokuwa, lakini nani alitaka kumsikiliza? Mwenye kosa tulikuwa tumekwisha kumpata.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Mama Euphrasie akafa.

Kwetu wafiwa hawagusi udongo wa kaburi. Vijana wa mtaa ndio wanaochimba, bila malipo, na chungu cha kwanza cha wali na kuku ni chao, wanapelekewa kulekule makaburini. Na wana haki yao ya kugoma. Wakiwa na kinyongo na nyumba ya msiba, wanaweka sururu chini, wanasema lililo moyoni, wenye msiba wanaomba radhi, kisha kazi inaendelea. Nimeona migomo ya namna hiyo mara nyingi. Haichukui hata saa moja, na mara nyingine tunaicheka.

Rosine alifika siku ya pili ya msiba, moja kwa moja kutoka kambini, katika magwanda, tope hadi magotini. Maiti ilikuwa chini ya turubai na jua limeanza kuwaka. Ilikuwa lazima mama azikwe siku ileile. Vijana walipomwona wakaweka sururu chini. Aliyesimama kusema ni Hervé, mdogo wake Aristote.

"Hatuwezi kuchimbia nyumba yenye iko na nguo ya jeshi ndani," akasema. "Hawa batu wanaua, kisha wanatuletea maiti."

Nikalisikia neno langu kinywani mwa Hervé, nikaangalia chini.

Rosine hakubishana. Alidhani ni mgomo wa kawaida, ule wa kuomba radhi na kuendelea, na nani angemlaumu kwa kudhani hivyo? Akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha mama yake, miguu mitupu. Akapiga magoti mbele ya vijana. Akasema nguo ameivua, wamsamehe, mama anaharibika.

Hawakusogea. Mmoja akasema kitenge hakibadilishi mtu. Mjomba wa Rosine, Mzee Zacharie, anayetembea kwa fimbo, akawabembeleza. Katekista Jean-Marie akawabembeleza pia, akamtaja Mungu mara tatu. Wapi.

Hapo ndipo damu ilinichemka. Kama tatizo ni nguo, imevuliwa. Kama ni kosa, litajwe. Walitaka kumwona amepiga magoti, na walipokwisha kumwona wakataka zaidi. Vijana wenye nguvu, waliokula wali wa mama huyo katika kila msiba wa mtaa, wamesimama mikono mifukoni. Na wanaume wazima, Bruno wangu akiwemo, wote wameinamia simu zao, utadhani wameandikiwa humo jambo la maana. Sikuwahi kuwaonea aibu wanaume wa mtaa wangu namna ile.

Rosine akainuka. Akaingia tena ndani, akatoka amevaa tena magwanda yake, vifungo vyote vimefungwa. Akaokota sururu iliyokuwa mbele ya miguu ya Hervé, akaweka beleshi begani, akashika njia ya makaburi. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi, na mtoto hamchimbii mama yake. Alikuwa anavunja yote mawili mbele ya macho yetu, na ni sisi tuliomfikisha hapo. Nikamfuata. Bruno akaniita, sikugeuka. Nyuma yangu akaja Cadette, muuza chikwanga, ile mikate ya muhogo, halafu wanawake wengine wanne.

Udongo wa kule ni mgumu juu, na chini unanata. Tulichimba kwa zamu, wawili shimoni, wengine wakitoa udongo kwa mabeseni tunayooshea mchele. Shimo lilipofika kiunoni, zamu ikatuweka pamoja mimi na Rosine. Nikajua nisiposema pale sitasema tena.

"Rosine, ile siku ya Aristote, ni miye nilisema lile neno."

Hakuacha kuchimba.

"Najua, yaya. Mama alinielezaka. Alikusikia na masikio yake," akasema, bado akiniita yaya, dada mkubwa. "Miaka mbili nilikuwa nangoja uniambie."

Nikasubiri aongeze lolote, hata tusi. Tusi lingenifaa. Akaninyooshea kidole upande wa shimo ambao haukuwa umenyooka, akarudi kwenye sururu yake.

Tulimzika Mama Euphrasie saa tisa. Vijana walikuwa wamekuja, wamesimama ng'ambo ya njia, hawaingii makaburini wala hawaondoki. Cadette akawatukana mpaka sauti ikamkauka, waoga, walafi, wasio na mama. Kisha akanigeukia nipokee nami, maana mtaa mzima unaujua ulimi wangu, na matusi ninayo. Nikafungua mdomo. Hervé alikuwa ananitazama mimi, wala si Cadette. Siku walipomleta kaka yake alikuwa na miaka kumi na saba, amesimama ubavuni kwangu, haelewi hata alie vipi, na mimi mtu mzima ndiye niliyemwonyesha wa kumchukia.