Jina ya Mugeni ku Mikro

Unijibu kwanza: mwimbaji mukubwa wa Zaire muzima anashuka mbele yako, mikro iko mu mukono yako, kamp yote inakuangalia, na jina yake hujue namna ya kuitamka. Utafanya nini? Ehé, unacheka! Miye siku ile sikucheka.

Tulikuwa tunakaa mu kamp ya bafanyakazi ba mukuba, ile shaba, hapa hapa Lubumbashi, wakati wa chama moja. Bwana yangu alikuwa anayeyusha mukuba. Miye nilikuwa bibi mupya, masomo kidogo tu, ya kuandika jina yangu na kuachia pale. Lakini kucheza, wacha! Na sauti, hata ungekuwa kule mbali ku Karavia ungenisikia. Njo maana banitia mu groupe ya animation, ile ya kuimba na kucheza kama bageni ba serkali banafika. Na mikro chef ya animation alinipa miye. Sauti yangu ikitoka mu ile kintu, nilikuwa najisikia muke wa gavana!

Bon. Serkali ikasema: majina ya basantu tuache, kila mutu arudilie jina ya bankambo yake. Hata baimbaji! Ule mwimbaji mukubwa, ulikuwa unamwita jina fupi ya misa, mara ile radio inakuletea jina murefu kama treni ya mukuba. N, g na b zinakamatana mbele kama banamuke benye kugombana ku robine ya mayi. Na kwabo iko mbali, haiko Katanga. Nani atajua?

Basi kila mutu akasema yake. Ku robine tulisema hivi. Ku buvette, kwa kunywa pombe, balisema vingine. Balimu, juu balisoma Kifaransa, balivuta mwisho ya jina mpaka ikatokea ku pua. Bale ba kutoka Kinshasa balituchekelea: "Banyinyi ba-Katanga, hamujue Lingala!" Kumbe jina yenyewe haikuwa hata ya Lingala! Radio, asubui inasema hivi, mangaribi vingine. Nikaenda mpaka ku ville, mu magazini ya diski, niulize muuzaji. Ananiangalia, ananyosha kidole ku picha.

"Mama, miye nasemaka tu: ule wa kofia."

Kisha habari ikafika: wa kofia mwenyewe anakuja! Yeye na orkesta yake, watapiga ku cercle ya kamp, nyumba ya kuchezea, siku ya Mungu kisha misa. Yoo! Banamuke balitoa bikwembe bizuri bya kuvaa mu masanduku, bengine balisuka nywele mara mbili. Lakini chef ya animation akaniita pembeni. Wakati ile "madame" ilikatazwa, balituita "citoyenne", mwananchi.

"Citoyenne, ukikosea jina ya mugeni mbele ya bantu, mikro naipa jirani yako. Weye utarudi ku mustari ya nyuma, ya benye kupiga makofi."

Mustari ya nyuma! Kule hakuna mutu anakuonaka, hata mama yako.

Na jirani alisikia yote. Alikuja ku mulango yangu na tabasamu. "Dada, usijisumbue. Ulimi yako iko ya kula bukari tu. Leta mikro nikushikie."

"Enda ushike mwiko yako, mboga inaungua!"

Bwana yangu akasema atanifundisha. Tukakaa pa meza, tunakula.

"Sema."

Nikasema.

"Hapana! Sema kama miye."

"Kama weye wa leo, ao kama weye wa jana? Jana ulisema vingine!"

Akacheka mpaka bukari ikamupita njia mubaya, nikamupiga mu mugongo. Njo masomo iliishia pale.

Siku ikafika. Bantu mpaka juu ya bibumba, juu ya kuta, batoto ku mabega ya baba zabo. Bus ikasimama mu vumbi. Mulango ikafunguka, na yeye akashuka... mufupi! Ku picha alikuwa murefu, kumbe ni kofia. Ngoma zikanyamaza. Chef ananiangalia. Jirani ameisha kunyosha mukono kwa mikro, kidogo kidogo, kama paka mbele ya samaki.

Nikasogea mpaka mbele ya mugeni, jina nikaiacha.

Sasa sikia. Nikapiga magoti. Juu kwa nkambo wangu, ku kijiji, ku Lukafu, mugeni hatuitake jina mbele. Wapi! Unapiga magoti, unapiga makofi pole pole na mikono ya kukunja, unamupa mayi, na unangoja ajitaje yeye mwenyewe: jina yake, ya baba yake, na muto wenye alikunywa mayi yake tangu utoto. Ukimwita mbele, ni kama unamunyanganya kintu yake.

Nikapiga makofi. Mayi, mayi iko wapi? Nikaona glasi ya chef pa meza, nikaikamata! Nikamupa mugeni na mikono mbili, na mikro kwa kinywa yake.

"Tata, karibu. Kwetu mugeni anajitaja mwenyewe."

Akavua kofia. Akapokea glasi na mikono mbili, akamwanga kidogo chini, ya bankambo, akakunywa. Akasema na Kiswahili ya kukata-kata: "Mama, hata kwetu njo vile. Tangu nilianza kutembea na hii orkesta, hakuna mutu aliniuliza."

Na akajitaja! Jina, baba, muto. Lakini bantu balipiga kelele ya furaha, ngoma zikaruka, na kuanzia mustari ya pili hakuna mwenye kusikia kintu. Chef alikuwa anacheka na kiu yake.

"Citoyenne, mikro iko yako. Lakini glasi yangu urudishe!"

Kesho yake ku robine ugomvi ikaanza tena. Bakanizunguka, jirani mbele: "Weye ulikuwa karibu. Alisema namna gani?" Nikajaribu. Ulimi ikakataa! Sikio iliikamata, mpaka leo iko nayo, lakini kinywa, hapana. Tulicheka mpaka ndoo zikamwangika.

Juzi nilimusimulia mujukuu wangu mwanamuke, ule mwenye ataolewa. Alicheka, akalala pa mukeka, akashika tumbo. Kisha akakaa, akanikamata mukono, uso bila kucheka tena. Akasema: "Kambo, nakuapia, siku ya ndoa yangu orkesta haitapiga hata wimbo moja mbele weye hujashika mikro na kupokea baimbaji, bajitaje benyewe."